Usiulaumu mkono, tazama mguu wa mbele unatua wapi

Swali: Shikamoo kocha. Nina miaka 16, ni mrushaji wa besiboli, natumia mkono wa kulia. Kasi ninayo. Tatizo langu ni shabaha. Iningi ya kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha mechi, naenda vizuri, ikifika ya tatu mpira unaanza kupaa juu upande wa kulia, na nagawa besi za bure moja baada ya nyingine (mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila kupiga, baada ya mirusho minne mibaya). Kocha wangu ananiambia nipunguze nguvu na nikazie macho glavu ya mdakaji. Nimefanya hivyo msimu mzima, naona nazidi kuharibu. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Umeandika mistari michache lakini umenipa dalili mbili ambazo warushaji wengi husahau kuzitaja: mpira unapotelea wapi, na unaanza kupotea lini. Juu kulia, kuanzia iningi ya tatu. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, dalili hizo mbili zikija pamoja zinanipeleka kwenye mguu wako wa kushoto, ule unaotua mbele. Sijakuona ukirusha, kwa hiyo nitakupa pia njia ya kujipima mwenyewe kabla hujakubali maneno yangu.

Tuanze na hesabu kidogo. Kutoka kwenye kibao cha mrushaji, kile unachokikanyaga unapoanza kurusha, hadi ncha ya nyuma ya bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji, ni mita 18.44, kipimo ambacho hakijabadilika tangu 1893. Lakini wewe huachii mpira ukiwa juu ya kibao. Unapiga hatua, kiwiliwili kinakwenda mbele, na mpira unapokutoka mkononi umebakiza kama mita 16 na nusu kufika kwenye bamba. Bamba lenyewe lina upana wa sentimita 43. Ukilenga katikati, una sentimita 21 na ushei kila upande. Sasa sikiliza: mpira ukitoka mkononi ukiwa umekengeuka digrii moja tu, ukifika kwa mpigaji utakuwa umehama kwa takribani sentimita 29. Umeshatoka nje ya bamba. Digrii moja! Ukisimama mbele ya kioo ukajaribu kuusogeza mkono wako kwa digrii moja, hutaona tofauti yoyote.

Ongeza na suala la muda. Tangu mguu wa mbele uguse ardhi hadi mpira uachiwe, hupita takribani sehemu 15 za mia za sekunde. Katika kipindi hicho bega la mrushaji mzuri huzunguka kwa kasi ya digrii 7,000 hivi kwa sekunde, mwendo ambao ni miongoni mwa ile ya kasi zaidi anayoweza kuifanya mwanadamu. Hakuna jicho linaloweza kuona kosa katikati ya tukio hilo, wala ubongo ambao ungewahi kutuma amri ya kulirekebisha. Mguu ukishatua, mpira umeshaamuliwa. Ndiyo maana kukazia macho glavu hakujakusaidia. Macho unayahitaji, nisieleweke vibaya, lakini kazi yao inaisha mapema. Baada ya hapo kinachoamua ni kama mwili umeufikisha mkono mahali palepale ulipoufikisha safari iliyopita.

Nina mfano ninaoupenda. Randy Johnson, mrushaji wa ligi kuu ya Marekani, alikuwa na urefu wa mita 2.08 na kasi ya kutisha, na katika miaka yake ya mwanzo hakuna aliyejua mpira wake utaangukia wapi. Kwa miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992, ndiye aliyeongoza ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu hiyo, kwa kugawa besi za bure, na mwaka 1992 alitoa 144. Mwaka huohuo Nolan Ryan, mrushaji mkongwe wa timu ya Texas Rangers, na Tom House, aliyekuwa kocha wa warushaji wa timu hiyo, walimtazama wakaona jambo moja: alikuwa anatua kwa kisigino, na mguu wake unaishia nje ya mstari wa kwenda kwenye bamba. Wakamshauri atue kwa sehemu ya mbele ya wayo. Mwaka 1993 alirusha iningi nyingi kuliko mwaka uliotangulia, akatoa besi za bure 99, akawatoa wapigaji 308 kwa straiki, yaani mirusho mitatu mizuri waliyoshindwa kuipiga. Mwaka 1995 alitoa 65 tu na akachukua tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa ligi. Naamini alifanya kazi nyingine nyingi ambazo hatukuziona, maana mabadiliko ya namna hiyo hayaletwi na ushauri wa siku moja. Lakini angalia marekebisho yalianzia wapi. Hakuna aliyemgusa mkono.

Kwa nini kisigino kilete madhara makubwa hivyo? Fikiria mlango na bawaba zake. Kiwiliwili chako ni mlango, nyonga ya mbele ni bawaba, na mguu wa mbele ni mwimo unaoshikilia bawaba. Mwimo ukilegea, mlango hautafungika mahali pamoja mara mbili, hata uusukume kwa ufundi gani. Mguu unapotua kwa kisigino na uzito wote ukakaa hapo, wayo unapata nafasi ya kuzunguka kabla haujashika ardhi. Vidole vinafunguka kuelekea besi ya kwanza, iliyo kushoto kwako, goti linafuata, nyonga inafuata, na bega la kushoto linavutwa nalo. Kifua kinamkabili mpigaji wakati mkono wa kulia bado uko nyuma unapanda. Mkono unachelewa, unaburutwa, na mpira unaachiwa mapema huku kiganja kikiwa bado kinaangalia juu na nje. Matokeo ni juu kulia, yaleyale uliyoniandikia. Wapo warushaji hodari ambao kisigino chao hugusa kidogo kwanza halafu wayo mzima unalala chini papo hapo. Hao hawana shida. Tuwe na wasiwasi na mguu unaoendelea kuzunguka baada ya kugusa ardhi.

Haya, jipime. Chora mstari mrefu wa chaki au tandaza kamba kutoka katikati ya wayo wako wa nyuma, pale unapouegesha kwenye kibao, moja kwa moja hadi katikati ya bamba. Pasha mwili joto kama kawaida, kisha rusha mara 15 kwa nguvu unazotumia kwenye mechi. Kila ukirusha, usiufuate mpira kwa macho. Tazama alama ya wayo wako wa mbele, chomeka kijiti pale vidole vilipotua, halafu andika mpira uliangukia wapi. Mdakaji atakutajia.

Alama zinasema mambo mawili. La kwanza ni kama ziko pamoja. Zikienea kwenye eneo kubwa kama sinia, basi hujawa na mrusho mmoja, unayo kumi na tano tofauti, na hakuna marekebisho ya mkono yatakayokuokoa. La pili ni zimelalia upande gani. Unataka ziwe juu ya mstari au sentimita chache kulia kwake, vidole vikiwa vimegeuka ndani kidogo, yaani kuelekea upande wa besi ya tatu, iliyo kulia kwako. Zikiwa kushoto kwa mstari, unatua wazi, na nyonga zako zinafunguka kabla ya wakati. Nadhani ndicho utakachokikuta. Zikiwa mbali sana kulia, mfano urefu mzima wa wayo, utalazimika kurusha kwa kukata mbele ya mwili wako mwenyewe, na hapo bega na kiwiko ndivyo vitakavyobeba gharama.

Mpira uliokosea ni barua, jifunze kuisoma. Kwa mtu wa mkono wa kulia, juu kulia maana yake mwili umefunguka mapema na mkono umechelewa. Chini kushoto maana yake umeuvuta mpira: umeuachia kwa kuchelewa, mara nyingi kwa sababu kichwa na kiwiliwili vimeangukia upande wa glavu. Juu katikati huja uzito unapobaki nyuma, ama kwa sababu hatua imekuwa ndefu kupita uwezo wa nyonga zako, ama goti la mbele limebonyea badala ya kukaza. Warushaji waliokomaa hupiga hatua inayokaribia kimo chao, lakini mtoto wa miaka 16 anayeiga urefu huo bila nguvu za mapaja huishia kukaa nyuma ya mguu wake wa mbele na kuurusha mpira angani. Hatua yako ni ile unayoweza kusimama juu yake.

Kuna jambo la glavu ambalo makocha wengi wanalipitia haraka. Mkono wa kushoto ukiupiga nyuma kwa nguvu, kama mtu anayempiga kumbo aliye nyuma yake, bega la mbele linafunguka hata kama mguu umetua vizuri. Acha glavu isimame mbele ya kifua, halafu kifua ndicho kiifuate glavu. Mara nyingi hilo peke yake hurudisha mpira sentimita kadhaa.

Sasa mizani ya mwili, na hapa nitapingana na mafundisho ya zamani. Wengi wetu tulifundishwa kuinua goti, kusimama tuli juu ya mguu mmoja kama korongo, kuhesabu moja, ndipo tuanze kwenda mbele. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa kabla sijaanza kutilia shaka. Kumsimamisha mrushaji pale juu ni kumfundisha mizani ya kitu kilichosimama, wakati mrusho ni kuanguka kwa mpango. Kilima unachosimama kurusha kimeinuka sentimita 25, na mbele ya kibao kinashuka kwa sentimita 2.5 hivi kila sentimita 30, kwa hiyo mwili unateremka iwe umetaka au hukutaka. Mrushaji anayesimama kabisa juu kisha akashtuka kwenda mbele hukimbizwa na mteremko. Anayeruhusu nyonga yake ya kushoto itangulie kuelekea kwa mpigaji wakati goti bado linapanda huushuka mteremko huku ameushika. Kichwa kinabaki kati ya miguu miwili, mabega yamelala sawa na mteremko, uzito uko sehemu ya ndani ya wayo wa nyuma, haujaegemea kisigino wala vidole. Uzito ukiwa kwenye vidole vya mguu wa nyuma, utatua umefunga mno. Ukiwa kisigino, utatua wazi. Hilo la mwisho litazame sana kwako.

Hata hivyo kusimama kwa mguu mmoja si kazi bure, ila kuna mahali pake: kunajenga kifundo cha mguu na misuli ya makalio, ambayo ndiyo inayozuia nyonga kuyumba. Vua viatu, simama kwa mguu wa kushoto goti likiwa limekunjwa kidogo, fumba macho, kaa sekunde 20. Macho yakiondoka, mwili unabaki kutegemea sikio la ndani na hisia za kifundo, na utashangaa jinsi utakavyotetemeka mara ya kwanza. Fanya kwa miguu yote miwili, mara tatu kila mguu, kila jioni. Siku ukizoea, mwambie mtu akurushie mpira mwepesi uudake huku umesimama hivyo, macho yakiwa wazi.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote halihitaji hata mpira. Piga hatua yako yote, tua, halafu ganda. Usirushe. Ukiwa umeganda hapo, kagua: wayo uko juu ya mstari? Goti la mbele liko juu ya wayo, halijaingia ndani wala kutoka nje? Kifua bado kinaangalia upande wa besi ya tatu? Kiwiko cha kulia kimefika usawa wa bega? Kidevu kiko katikati, hakijakimbilia begani? Kama huwezi kuganda kwa sekunde mbili bila kuyumba, hata mrusho wako hauna mahali pa kusimamia. Fanya mara 20 kabla ya kila mazoezi. Baada ya hapo rusha kwa robo tatu ya nguvu zako, na kila mrusho uumalizie ukiwa juu ya mguu wa kushoto peke yake hadi mpira ugonge glavu ya mdakaji. Ukijikuta unapepesukia upande wa besi ya kwanza, umeshapata jibu bila kumuuliza mtu.

Hili la kupunguza nguvu, naomba ulisikilize kwa heshima ya kocha wako, maana nia yake ni njema. Robo tatu ya nguvu ni nzuri kwa kujifunza umbo jipya. Kwenye mechi ni sumu. Mrushaji anayepunguza ili alenge hugeuza mrusho kuwa kitendo kingine: hatua inafupika, nyonga zinalala, mkono unaanza kuusukuma mpira badala ya kuuchapa. Mwili uliofanya mazoezi kwa kasi moja hauwezi kutoa usahihi uleule kwa kasi nyingine. Greg Maddux, ambaye mwaka 1997 alirusha iningi 232 na kutoa besi za bure 20 tu, hakuwa miongoni mwa wenye kasi kubwa, lakini alipokuwa anarusha hukuona mtu anayeubembeleza mpira. Ukiona vyaelea vimeundwa. Mrusho wake ulirudiwa vilevile, kila mpira, kila iningi.

Kuhusu vidole nitasema machache. Shika mpira kwa namna moja kila mara, mishono ikipita chini ya ncha za kidole cha shahada na cha kati, usiukandamize kiganjani. Mshiko unaweza kukosesha sentimita chache, lakini haukupi mpira unaopaa juu ya kichwa cha mdakaji.

Turudi kwenye iningi ya tatu, kwa sababu hapo ndipo mambo yako yanapoharibika na ndipo pananifanya niamini mguu zaidi ya kitu kingine. Miguu huchoka na kuharibika kabla mkono haujalalamika. Paja la nyuma likichoka, linasukuma kidogo. Makalio yakichoka, nyonga inayumba. Hatua inafupika nusu wayo na kuhamia kushoto, na wewe hujui kwa sababu mkono bado una moto. Kwa hiyo rudia kipimo cha mstari ukiwa umechoka, baada ya mirusho 40 hivi, na ulinganishe vijiti vya mwanzo na vya mwisho. Kama vimehama, unajua pa kufanyia kazi: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupiga hatua ndefu za mbele na za pembeni, kupanda ngazi. Mara tatu kwa wiki.

Kuna sababu nyingine ya iningi ya tatu ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni shimo. Kilima mnakitumia wawili, wewe na mrushaji wa timu pinzani. Kufikia iningi ya tatu miguu yenu imeshachimba mbele ya kibao, na kama shimo lake liko karibu na lako, wayo wako unatua ukingoni na kuteleza ndani. Kabla ya kurusha mpira wa kwanza wa kila iningi, nenda pale unapotua, jaza udongo kwa kiatu, kanyaga hadi ukaze. Bado ni pabaya? Sogea sentimita kumi kwenye kibao, kina urefu wa sentimita 61, nafasi unayo. Ila ukishasogea, baki hapo hadi mwisho. Mrushaji anayebadilisha mahali pa kusimama baada ya kila mpira mbaya anajiongezea kosa jingine.

Na hesabu mirusho yako. Mwongozo wa ligi kuu ya Marekani na USA Baseball, shirikisho la besiboli la nchi hiyo, unampa kijana wa miaka 15 au 16 mirusho isiyozidi 95 kwa siku, na akifikisha 76 au zaidi anapumzika siku nne kabla ya kupanda tena kilimani. Shabaha inayopotea ghafla mara nyingi ndiyo ishara ya kwanza ya uchovu, inatangulia maumivu. Ukisikia maumivu upande wa ndani wa kiwiko, acha siku hiyohiyo, mwambie mzazi, onana na daktari. Kano iliyoko hapo ndiyo iliyomkatikia Tommy John mwaka 1974, akafanyiwa upasuaji ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Sitaki uje unieleze habari hiyo kwenye barua yako ijayo.

Mpe kocha wako vijiti vyako avione. Usiende kwake na hoja, nenda na alama zilizoko ardhini, mkae mzitazame pamoja. Wiki mbili za kwanza usirushe kwa nguvu zote nje ya mechi: kuganda mara 20, robo tatu ya nguvu mirusho 25, mizani jioni. Wiki ya tatu na ya nne ongeza nguvu taratibu, ukirudi nyuma kila alama zinapotawanyika. Utapitia siku ambazo utarusha vibaya kuliko sasa, hasa wiki ya pili, kwa sababu mwili unaacha njia uliyoizoea na haujaimudu mpya. Usikimbilie kurudi ulikotoka. Piga picha vijiti vya siku ya kwanza, vya mwanzo na vya baada ya uchovu, kisha piga vingine baada ya wiki sita kutoka mahali palepale uliposimamisha kamera. Nitumie zote nne.